SGR Dar–Dodoma: kilomita 160 kwa saa zinatosha, au tulipaswa kujenga ya 300? Twende kwa hesabu

Taruma_Zege (mleta uzi)

Habari zenu wadau. Tangu safari za reli ya kisasa (SGR) ya Dar–Dodoma zianze Julai 2024, watu wengi wanaikubali reli hii, na siti za wikiendi huisha mapema. Lakini kila uzi wa SGR humu unaishia kwenye hoja moja: "Wenzetu wanakimbia 300, sisi tumejengewa ya 160." Naomba hapa tuijadili hoja hiyo kwa namba, maana ni hoja halali na inagusa fedha nyingi.

Dar hadi Dodoma kwa reli ni takriban kilomita 460. Treni ikienda 160 mwanzo mwisho bila kusimama, inatumia dakika 172. Ikienda 200 ni dakika 138. Ikienda 300 ni dakika 92. Sasa angalieni ratiba: treni ya haraka imepangiwa karibu saa tatu na nusu, yaani dakika 210. Kuna dakika 38 hivi zinazopotea kati ya uwezo wa njia na ratiba yenyewe. Na tukiipandisha njia nzima kutoka 160 hadi 200, tutaokoa dakika 34.

Kwa hiyo muda tunaoupoteza leo kwenye vituo, kupishana na maeneo ya mwendo mdogo unazidi kidogo ule tunaoweza kuununua kwa mabilioni ya kuongeza kasi. Huo ndio msimamo wangu: 160 ni sahihi kwa njia hii, na pa kubana ni hizo dakika 38.

Zinapoteaje? Kituo kimoja cha kusimama, kwa treni iliyokuwa kwenye 160, kinagharimu kama dakika 4: mbili za kupunguza mwendo na kuupandisha tena, mbili za abiria kushuka na kupanda. Vituo vitano ni dakika 20. Kipande cha kilomita 5 kikiwekewa mwendo wa 60 kwa sababu tuta limetitia au kuna mafundi kazini, hapo nako dakika 4 zimekwenda. Vipande viwili vya hivyo na kupishana mara moja kulikochelewa, hesabu imekamilika.

Nawasilisha. Mwenye namba tofauti azilete.

---

Kona_Pana

Mkuu umeanza vizuri, ila watu wanatakiwa waelewe kwa nini njia ya 160 haigeuki kuwa ya 300 kwa kubadilisha treni tu. Jibu liko kwenye kona.

Treni ikiingia kwenye kona inasukumwa nje. Ili kupunguza msukumo huo, reli ya nje huinuliwa kuliko ya ndani. Kanuni ya kazi ni hii: zidisha 11.8 kwa mraba wa kasi, gawanya kwa nusu-kipenyo cha kona kwa mita, unapata milimita za mwinuko zinazohitajika. Kwa kawaida unaweza kuinua hadi milimita 150, na abiria anavumilia upungufu wa kama 100 bila kuona kero. Jumla 250.

Kwa 160, kona ndogo kabisa ni mita 1,208. Kwa 300 ni mita 4,248. Ukishajenga kona ya mita 2,000, kikomo chake ni kama 206 kwa saa, hata ulete treni ya Japani. Kuipanua ni kuhamisha tuta, daraja, nguzo za umeme na nyumba za watu. Reli unabadilisha, mataruma unabadilisha, kokoto unamwaga mpya. Kona ikishachorwa inabaki miaka mia.

Ushahidi mzuri ni Japani yenyewe. Njia ya Tokyo–Osaka iliyofunguliwa 1964 ilichorwa kwa kona za mita 2,500, mwendo ukiwa 210. Leo treni zake zinafika 285 tu, wakati njia zilizofuata zenye kona za mita 4,000 zinaruhusu 300 hadi 320. Miaka sitini baadaye bado wanaishi na mchoro ule.

---

Mwambao_Reli

Kona_Pana, maneno yako ndiyo yanayonifanya niseme tulikosea kutofikiria mbele. Kama kona haibadiliki, si bora ungeichora pana tangu mwanzo?

Na kwa wanaosema 300 haiwezekani Afrika, Morocco wameshafanya. Novemba 2018 walifungua Al Boraq, kilomita 186 za njia mpya kutoka Tangier hadi Kenitra, treni zinakwenda 320. Tangier–Casablanca ilikuwa saa nne na dakika 45, ikawa saa mbili na dakika 10. Kabla ya hapo kulikuwa na kampeni kubwa ya kupinga, watu wakisema fedha ziende shule na hospitali. Leo njia inaendelezwa kwenda Marrakech.

Na kuna jambo watu hawalisemi: njia ya abiria peke yake inapanda milima kuliko ya mizigo. Paris–Lyon ya 1981 ina miteremko ya asilimia 3.5 na ilijengwa bila handaki hata moja. Köln–Rhein/Main ya Ujerumani inafika asilimia 4. Treni nyepesi yenye mota chini ya mabehewa mengi inapanda tu. Sisi tumechimba mahandaki manne ukanda wa Kilosa kwa sababu ya mizigo. Abiria amebebeshwa masharti ya kontena.

---

Ekseli35

Ni kweli, amebebeshwa, na ndivyo inavyotakiwa. Abiria wa Dar–Dodoma hawezi kulipa reli hii. Kontena la Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ndilo linaloweza.

Njia yetu imesanifiwa kwa uzito wa tani 35 kwa ekseli, yaani kwa kila jozi ya magurudumu. Ya Kenya ni tani 25. Treni za 300 duniani hazizidi tani 17. Ukiweka ekseli ya tani 35 na treni ya 300 kwenye reli moja, kila mmoja anamuumiza mwenzake. Mzigo mzito unasaga kokoto na kuzilaza, njia inatitia milimita chache hapa na pale. Kwa 80 au 120 milimita hizo hazikusumbui. Kwa 300 zinakuwa mtikisiko wa hatari, unalazimika kupeleka mashine ya kushindilia kokoto kila mara, tena usiku tu, usiku ambao ndio muda wa mizigo.

Rudi kwenye kona ya mita 2,000 ya Kona_Pana. Ukiinua reli ya nje milimita 150 kwa ajili ya treni ya kasi, treni ya mizigo ya 80 inahitaji 38 tu. Zilizobaki 112 zinaulaza mzigo wote upande wa ndani. Reli ya ndani inapondeka na kumenyeka kichwani, na ukichelewa kuisaga inapasuka. Ndiyo maana wenye njia za mchanganyiko huweka mwinuko wa kati, kama 100, na kukubali 160 ya starehe.

Jingine, njia yetu ni moja. Haina ya kwenda na ya kurudi, ina njia za kupishana vituoni. Chukua kilomita 20 kati ya sehemu mbili za kupishana: treni ya mizigo ya 80 inazimaliza kwa dakika 15, ongeza 5 za kupanga njia na ishara. Ni treni tatu kwa saa, pande zote mbili zikijumlishwa. Kwa siku 72 kwenye karatasi, na kwa uhalisia kama 45, maana lazima uache nafasi ya matengenezo na ucheleweshaji. Kwenye njia ya namna hiyo, ukikimbia 300 unawahi tu kusubiri anayekuja.

---

Taruma_Zege

Mwambao, Morocco ni mfano mzuri, ila uuangalie wote. Wao walikuwa na reli ya kawaida inayobeba abiria na mizigo, tena ya umeme. Njia ya 320 ilikuja kuwa ya pili, ikaondoa treni za haraka kwenye njia ya zamani. Kutoka Kenitra kwenda Casablanca treni hiyohiyo inaingia kwenye mtandao wa kawaida wenye umeme wa aina nyingine na inapunguza mwendo. Walianza na kinachobeba uchumi, kisha wakaongeza kasi pale penye msongamano. Sisi tulikuwa na reli ya zamani ya upana wa mita moja ambayo kipande chake cha Kilosa–Gulwe kilikuwa kinazolewa na mto Mkondoa kila mvua zikizidi. Hatukuwa na njia ya kwanza.

Na bei. Dar–Morogoro ilisainiwa kwa dola bilioni 1.2 hivi, Morogoro–Makutupora dola bilioni 1.9. Kwa kilomita 541 za njia kuu ni kama dola milioni 6 kwa kilomita. Benki ya Dunia ilipochambua njia za kasi za China mwaka 2019 ilipata dola milioni 17 hadi 21 kwa kilomita, na China ni miongoni mwa wajenzi wa bei nafuu zaidi. Kilomita zetu 541 zingekuwa dola bilioni 9 hadi 11. Hizo za China ni njia mbili, sikatai, lakini ya 300 huwezi kuijenga njia moja.

Umeme pia. Kutoka 160 kwenda 300, upepo unaopambana nao kwa kila kilomita unazidi mara 3.5, na nguvu inayohitajika kwa wakati mmoja mara 6.6. Breka za mita 1,400 zinakuwa za karibu kilomita 5. Mfumo wa ishara, transfoma, nyaya, vyote vinapanda daraja.

Hata hivyo hoja yako ya kona naikubali nusu. Kuanzia Makutupora kwenda Tabora ardhi kwa sehemu kubwa ni tambarare. Kuchora kona ya mita 4,000 badala ya 2,000 porini hakuongezi gharama kubwa. Hapo ndipo pa kuwabana wasanifu: kasi ya leo ibaki 160, mchoro uachiwe nafasi.

---

Miritini_Line

Salamu kutoka Mombasa. Ruhusuni nilete ya kwetu, maana mnaweza kupata faida bila kulipa karo tuliyolipa.

Mombasa–Nairobi ni kilomita 472, ilifunguliwa mwaka 2017, injini za dizeli, abiria wanaenda 120. Ukiuliza wananchi, treni wanaipenda, na sikukuu hupati tiketi. Hata nauli ilipopanda Januari 2024, ya kawaida kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 na ya daraja la kwanza kutoka 3,000 hadi 4,500, watu hawakukimbia. Kwa hivyo kasi haikuwa ndio tatizo la kukubalika.

Mabishano yetu yako kwingine. Kwanza ni mkopo: mradi wa dola bilioni 3.6, takriban asilimia 90 kutoka Benki ya Exim ya China, na mkataba wa bandari kuhakikisha mzigo unapatikana kulipa deni. Mzigo usipojaa, anayebeba hasara ni mwananchi. Mwaka 2019 ilipoamriwa kontena zipande treni kwa lazima, watu wa malori na wa bohari za Mombasa waliandamana, kazi zao zimehamishiwa Nairobi. Juni 2020 Mahakama ya Rufani ikasema ununuzi wa mradi ulikiuka sheria. Vitu hivi vinamaliza imani ya watu kuliko treni kuchelewa.

Pili ni vituo. Nairobi unashukia Syokimau, Mombasa unashukia Miritini. Kila upande kuna safari nyingine ya treni ndogo au matatu. Ukiongeza saa moja huku na saa moja kule, kasi yote ya katikati imekwisha. Dar mmebahatika: kituo kiko mjini, reli imeingia juu ya nguzo kwa kilomita mbili na nusu. Mkilinde hicho.

Tatu, mwisho wa reli. Tulijenga hadi Suswa tukasimama. Kontena la Uganda linabadilishiwa behewa kwenda reli ya mita moja. Kubadilisha ni kreni, wafanyakazi na siku. Msisimame porini.

---

Mama_Kilosa

Ahsante ndugu wa Mombasa. Swali kwa mafundi: zile hitilafu za umeme zilizotangazwa katikati ya 2024, za ngedere na bundi, zilikuwa na ukweli wowote wa kiufundi? Huku mitaani watu walizipokea kama kisingizio, na tangu hapo kila treni ikisimama wanatajwa ngedere.

---

Kilovolti25

Dada, zina ukweli kabisa, na ni vizuri umeuliza.

Waya wa juu una kilovolti 25. Kati ya kitu chenye umeme na chuma cha nguzo kilichoungwa na ardhi, nafasi ya kawaida ni milimita 270, na treni inapopita waya ukicheza inaweza kupungua hadi 150. Sasa chukua bundi aliyetua kwenye mkono wa nguzo, pembeni ya kikombe kinachotenga waya na chuma cha nguzo. Akifungua mabawa anavuka nafasi hiyo bila shida. Ngedere anashika chuma kwa mguu na waya kwa mkono. Umeme unapita kwake kwenda ardhini, maelfu ya ampea.

Kinachofuata ni cha sekunde. Swichi ya kituo cha kupozea umeme inakata ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Baada ya sekunde chache inajaribu kurudi yenyewe. Mnyama akiwa ameanguka, umeme unarudi na abiria wanaona taa zimepepesa tu. Mzoga ukiwa umenasa, au kikombe kimepasuka kwa joto la cheche, inakata tena na kujifunga. Hapo lazima watu waende. Mitambo inakadiria hitilafu iko kilomita ngapi, kikosi kinatenga kipande hicho, kinapanda, kinatoa, kinapima, kinaomba umeme urudishwe. Kipande cha Kilosa hadi Kidete ni milima na msitu, gari halifiki kila nguzo. Saa mbili zinakwisha.

Abiria ndani wanaumia kwa sababu madirisha hayafunguki na kiyoyozi kinategemea waya wa juu. Betri zinabeba taa, matangazo na hewa kidogo kwa muda mfupi.

Dawa zipo na si za gharama ya kutisha. Vikombe virefu zaidi kwenye ukanda wa msitu. Mifuniko ya mpira mzito kwenye waya, karibu na kila mkono wa nguzo. Miti ikatwe hadi umbali ambao tawi likianguka haligusi, na ikatwe kabla ya masika. Na injini ya dizeli ya kuvuta ikae Kilosa muda wote ikiwa na kiunganishi cha kati, maana kiunganishi cha Mchongoko (ile treni ya umeme yenye kichwa kilichochongoka) na cha injini ya kawaida havishikani bila hicho kifaa. Injini bila kiunganishi ni chuma tu.

Wezi wa nyaya ni wabaya kuliko ngedere. Umeme ukishatumika kwenye treni unarudi kituoni kupitia reli na nyaya za kurudishia. Ukikatwa waya wa shaba unaounga nguzo na reli, treni inaendelea kutembea na hakuna anayeona. Ila kikombe kikivujisha siku hiyo, nguzo nzima inaweza kuwa na umeme, na mtoto wa kijijini akiishika anakufa. Hili lifundishwe vijiji vyote vya kando ya reli, kwa sababu anayeiba shaba anaua jirani yake.

---

Hati_Miliki

Naongeza la ardhi, kwa kuwa kuungwa mkono na wananchi kunaanzia hapo. Kila mtu anaunga mkono reli hadi ipite kwake.

Fidia kwa sheria yetu si bei ya nyumba peke yake. Kuna thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya soko ya miezi 36, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, riba inaanza kuhesabiwa. Uthamini ukipita miaka miwili bila kulipwa unakuwa umekwisha muda, inabidi urudiwe.

Yanayoharibika ni haya: mtu anasaini fomu bila kubaki na nakala. Mazao ya kudumu hayahesabiwi mti kwa mti. Kaburi linasahaulika. Mwenye nusu ekari iliyobaki upande wa pili wa uzio hafidiwi, ingawa hawezi tena kuifikia. Ukiwa mwenyekiti wa mtaa, hakikisha kila mmoja amepigwa picha na mali yake, ana nakala yenye namba, na daftari la mtaa lina orodha ileile.

Na vivuko. Reli imezungushiwa uzio, huwezi kukatiza. Kivuko cha chini kikiwa mbali, watu watatoboa uzio, na ng'ombe watafuata tundu. Ng'ombe mmoja mbele ya treni ya 160 ni ajali. Kivuko cha mifugo kinataka upana, mwanga, na sakafu isiyoshika maji. Kikigeuka bwawa masika, wafugaji wanarudi kwenye uzio.

California ni funzo hapa. Mwaka 2008 wapiga kura walipitisha reli ya kasi kwa asilimia 52.7, dhamana ya karibu dola bilioni 10. Mikataba ya ujenzi ikasainiwa 2013 kabla ardhi haijapatikana. Wakandarasi wakasubiri viwanja huku wakidai fidia ya kusubiri, na makadirio ya bei, yaliyoanza kwenye dola bilioni 33 hivi, yakavuka 100. Ardhi kwanza, mkandarasi baadaye.

---

Mwambao_Reli

Nimewasoma wote. Kwenye Dar–Dodoma mmenishawishi kwa sehemu kubwa, hasa hilo la njia moja. Lakini Mwanza? Dar–Mwanza ni kilomita 1,219. Kwa wastani wa 130 ni zaidi ya saa tisa. Hapo ndege inashinda kabisa, na hapo 300 ingekuwa na maana.

---

Ekseli35

Kwa umbali huo hata 300 inahangaika. Wastani wa 220 na vituo vyake ni saa tano na nusu, ndege ni saa moja na nusu angani. Ungelipa mabilioni na bado ukashindwa.

Saa tisa zina dawa yake: treni ya usiku. Ondoka Dar saa tatu usiku, fika Mwanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umelala kitandani, umeokoa hela ya gesti. Mabehewa ya kulala yanahitaji mambo matatu tu ya ziada: maji ya kutosha, kituo cha kuondolea taka za vyoo kila upande, na ratiba isiyogongana na matengenezo ya usiku. Hilo la mwisho ndilo gumu. Mafundi wanahitaji saa nne mfululizo bila treni, na mizigo nayo inautaka usiku huohuo. Ratiba ipangwe kwa vipande: Dar–Morogoro itengenezwe baada ya treni ya kulala kupita, Tabora–Isaka kabla haijafika.

---

Taruma_Zege

Nakubaliana na mkuu Ekseli. Ombi langu kwa wenye mamlaka ni dogo na halihitaji mkopo: watangaze takwimu za kuwahi kila mwezi. Zisiwe za kituo cha mwisho pekee, maana ratiba ikiwekewa dakika 20 za akiba kabla ya Dodoma, treni iliyochelewa Morogoro na Kilosa itaonekana imewahi. Wapime kila kituo, kwa kikomo cha dakika 5, na waandike sababu: umeme, ishara, kupishana, mwendo mdogo, abiria. Sababu ya kupishana ikizidi, tunajua tunahitaji njia za kupishana ndefu zaidi, zinazomeza treni ya mizigo ya kilomita mbili. Ya mwendo mdogo ikizidi, tunajua ni tuta gani linatitia. Nusu ya dakika 38 tulizoanza nazo zingepatikana hapo.

Mwenye ratiba ya sasa ya vituo vyote, pamoja na muda wa kusimama, aiweke hapa tuichambue kipande kwa kipande.